Kibubu cha Mtoto

Ufikapo mwezi wa Julai, au Agosti kama mvua zimechelewa, kisiwa cha Pemba huanza kunukia. Msafiri ashukaye chomboni pale Mkoani huipata harufu ya karafuu kabla hajaiona karafuu yenyewe. Kisha aifuatapo barabara ya Chake Chake na Wete huziona zimeanikwa juu ya majamvi kando ya njia, nyingine mbichi bado, kijani iliyochanganyika na wekundu, nyingine zimekwisha kauka mithili ya misumari midogo ya kahawia. Siku hizo ni wachache wakaao nyumbani. Wanaume na vijana hukwea mikarafuu kwa kamba na ngowe. Jioni wanawake na watoto huketi kulizunguka fungu, wakachambua, yaani wakaitenga karafuu na kikonyo chake, na mazungumzo huendelea mpaka usiku.

Malipo ya kazi hiyo hupimwa kwa pishi, nayo mara nyingi hutolewa taslimu, mkononi, jioni ile ile. Wala mkono unaopokea si wa mtu mzima peke yake. Kijana wa miaka 14 au 15, ambaye asubuhi ya juzi alikuwa akiandika insha darasani, leo hurudi nyumbani na noti katika mfuko wa suruali. Twapenda leo kusema juu ya noti hizo. Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya mambo makubwa ya nchi yanayoshindania nafasi katika ukurasa huu. Lakini tumeona nyumba zikipata ufa kwa jambo dogo kama hili, na ufa ule haukuzibika upesi.

Wazazi wengi hutuuliza: tufanyeje ili mtoto wetu aweke akiba? Nasi twawajibu kwa swali jingine, ambalo kwa kawaida halipendwi: fedha zile ni za nani? Maana shauri lolote la akiba, liwe la benki au la kibubu, halina mguu wa kusimamia mpaka swali hilo limejibiwa, na kujibiwa kwa sauti, mtoto mwenyewe akisikia.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Tangu dhoruba ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuisaza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Pemba, kisiwa hiki ndicho kitoacho karafuu nyingi kuliko Unguja. Lakini mkarafuu ni mti wa ukarimu usio na kalenda: mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yainame, na mwaka wa pili au wa tatu hutoa haba tu. Kwa hiyo fedha ya Pemba haiji kama mshahara wa karani, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Huja kama mafuriko, kisha hukauka. Wenye mashamba wenyewe waliteseka kwa jambo hilo. Zamani wengi waliziuza karafuu zingali juu ya mti, wakala kwa deni la mavuno yasiyokuja bado, hata katika miaka ya 1930 serikali ya wakati ule ikalazimika kutunga sheria ili mashamba yao yasitwaliwe kwa madeni. Mtoto wa Pemba amezaliwa katika desturi hiyo ya msimu wa shibe na msimu wa kungoja.

Bei ya kuchuma pishi moja hubadilika mwaka kwa mwaka na shamba kwa shamba; kwa wepesi wa hesabu tuseme ni shilingi 1,000. Kijana achumaye pishi 5 kwa siku, akipata siku 20 za kazi katika likizo na mwisho wa juma, atakuwa ameshika shilingi 100,000. Baada ya hapo, miezi mingi yaweza kupita asishike hata 1,000 iliyo yake. Ni nani kati yetu watu wazima aliyefundishwa kuishi hivyo akafaulu? Basi tusimcheke mtoto upesi.

Twaomba tusieleweke vibaya kwamba twawahimiza wazazi kuwapeleka watoto kazini. Mkarafuu ni mrefu, na matawi yake hukatika bila kutoa taarifa. Kila msimu huwa na wanaoanguka, na kijana, kwa kuwa ni mwepesi, hutumwa mpaka kwenye ncha ambako mtu mzima hathubutu. Kazi ya namna hiyo si ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara yaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia masomo, na yasema apaswa kulipwa ujira ulingane na kazi aliyoifanya. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alikwisha kuonya kwamba watoto wasitiwe viwandani kabla mwili na akili zao havijakomaa, na katika waraka ule ule aliihesabu kuwa kosa kubwa mno kumnyima mfanyakazi ujira wake. Wasomaji wetu hulikumbuka onyo hili la pili wanapomfikiria tajiri mwenye shamba. Ni wachache wanaolikumbuka wakiwa chumbani mwao wenyewe, mlango umefungwa, na kibubu cha mtoto ki mapajani.

Kibubu twakijua sote: kisanduku cha mbao, au chungu kidogo cha udongo, chenye tundu jembamba la kupitisha fedha, kisichofunguliwa ila kwa kuvunjwa. Jina lake latokana na bubu. Hakisemi kina nini, wala hakisemi nani amekigusa.

Tujue kwamba mzazi anayechukua fedha za mtoto si lazima awe mtu mbaya. Hoja yake ina uzito, nasi hatutaki kuipita kama tusioiona. Husema: mtoto huyu nimemlisha miaka 15, nimemvika, nimemsomesha, siku alipougua sikumwandikia deni. Leo nyumba haina unga, naye ana fedha; je, tulale njaa kuiheshimu mbao iliyotobolewa? Tena katika desturi zetu, za pwani na za bara, mtoto hakujitenga na nyumba. Samaki aliyemvua aliletwa jikoni, na hakuna aliyemwuliza kama amekubali. Haya yote ni kweli. Mtoto apatapo ujira, ni haki nyumba ipate sehemu, na ni vema ajifunze mapema kwamba jasho lake laweza kumlisha mdogo wake. Sisi hatuusifu ule mtindo wa kumwacha kijana na fedha zake kama mpangaji katika nyumba ya babaye.

Walakini kuna tofauti kati ya kupokea na kutwaa, nayo historia ya karafuu zenyewe yatufundisha tofauti hiyo kuliko mahubiri yetu. Kwa miaka mingi mnunuzi wa halali wa karafuu alikuwa mmoja tu, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1968. Ilipokuwa mkulima hupewa sehemu ndogo tu ya bei ya karafuu katika soko la dunia, na kubwa ikabaki juu, ilitokea nini? Karafuu ziliondoka usiku. Zilipakiwa katika ngalawa na mashua kwenye vijito vya mikoko, zikavushwa mpaka pwani ya Kenya. Walinzi waliwekwa, adhabu kali zikatungwa, na bado zilivuka. Mwaka 2011 Serikali iliipandisha bei ya mkulima kwa kiasi kikubwa, na magendo yakapungua sana. Mkulima yule yule, aliyekuwa akiitwa mhalifu, alibeba gunia lake mchana kweupe mpaka kituoni.

Mtoto naye ana magendo yake. Ajuapo kwamba kila senti iingiayo nyumbani yaweza kutwaliwa bila neno, hatazifikisha nyumbani. Atazimaliza njiani: soda, kofia, kuwakopesha wenzake, vocha ya simu, mchezo wa kubahatisha kama umempata. Nasi tutamwita mpotevu asiyejua thamani ya fedha, kumbe ameijua barabara. Amekwisha pima akaona kwamba fedha iliyotumika ndiyo peke yake isiyoweza kuchukuliwa. Usarafu mwingi wa vijana, tunaoulaumu katika mikutano na katika magazeti, ni hesabu sahihi iliyofanywa na mtu asiye na pa kuweka.

Hatusemi hivi kwa kusikia tu. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukiishi Wete, mtoto wetu wa kiume alichuma karafuu za matawi ya chini katika shamba la jirani kwa msimu mmoja. Alikuwa na miaka 14. Seremala alimtengenezea kibubu, naye akakiweka juu ya kabati, mahali petu sote. Usiku mmoja mdogo wake alishikwa na homa, na mwisho wa mwezi ulikuwa bado mbali. Tulikigeuza kibubu kile, tukaubandua ubao wa chini kwa kisu, tukatoa shilingi 18,000, tukaupigilia ubao kama ulivyokuwa. Dawa zilinunuliwa. Lakini kwa kuwa twaandika ukweli, tuseme wote: dawa hazikumaliza fedha zile, nasi wakati wa kurudi tulinunua sukari na vocha. Tuliazimia kurudisha mshahara utokapo. Mshahara ulitoka, ukaenda ulikokwenda.

Siku nyingi hazikupita, tulimwona amekishika. Hakukitikisa. Alikipima tu uzito mkononi, mara moja, kama wanavyopima karafuu wale waliozoea, kisha akakirudisha juu ya kabati. Hakuuliza neno. Msimu uliofuata alichuma kama kwanza, lakini kibubu hakikupata hata sarafu moja. Alirudi na viatu vya mpira wa miguu, na baada ya wiki mbili hakuwa na kitu. Tulimwita, tukamkemea sana juu ya ubadhirifu. Alitusikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akainua macho akakitazama kibubu, nasi tukakosa la kuongeza.

Kwa hiyo, wazazi, shauri letu la kwanza ni mapatano kabla ya msimu, si baada yake. Mtoto na wazazi wakae, wapange: katika kila pishi, sehemu hii ni ya nyumba, sehemu hii ni ya matumizi yake mwenyewe asiyoulizwa, na sehemu hii ni akiba. Kiasi gani kwa kila fungu, kila nyumba yajua njaa yake. Sisi hatuwezi kuwapimia. Lililo kubwa ni kwamba sehemu ya nyumba itolewe mchana, naye aitoe kwa mkono wake, ashukuriwe kama anavyoshukuriwa mtu mzima aletaye kitu. Wala asiulizwe neno juu ya fungu la matumizi yake. Kijana asiyewahi kukosea na 5,000 yake atakuja kukosea na 500,000.

La pili ni daftari. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hili ni kweli hata kwa mali ya mtoto. Daftari la shule la kurasa chache latosha: tarehe, pishi ngapi, shilingi ngapi, zimekwenda wapi. Mtoto aandike mwenyewe, na mzazi asome. Kibubu ni bubu, daftari husema.

Mahali pa kuziweka pana mashauri mengi. Kuficha noti chini ya godoro au katika sanduku la nguo ni desturi ya kale, lakini noti nazo huzeeka na kufa. Zanzibar iliwahi kuiacha rupia na kuingia katika shilingi mwaka 1936. Na juzi tu Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani, zile zilizotolewa tangu 1985 mpaka 2003 pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na tarehe 5 Aprili 2025, na baada ya hapo si fedha tena. Bibi aliyezisahau zake ndani ya kanga amebaki na karatasi. Ipo Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, nayo ina ofisi Pemba. Lakini kijana aliye chini ya miaka 18 huhitaji mkubwa wa kumsimamia. Iko simu, ambayo kila mtu aijua. Lakini laini ya kijana huyo nayo husajiliwa kwa mzazi au mlezi wake. Viko vikundi vya kuweka na kukopa, mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991 ukafika mpaka visiwani: sanduku moja lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu, lisilofunguliwa ila mbele ya wote. Na iko njia ya wazee, ya kuigeuza fedha iwe mbuzi jike au matofali machache nyuma ya nyumba. Mbuzi ana sifa moja ambayo noti haina: hatolewi zizini kimya kimya.

Mtaona kwamba karibu njia hizi zote zarudi pale pale. Hesabu ya benki iko mikononi mwa mzazi, laini ya simu ni yake, kabati ni lake. Mtoto hana ufunguo ila ule ambao wazazi wamempa, na kwa sababu hiyo kila akiba ya mtoto ni amana. Neno hilo watu wa pwani wanalijua vizuri kuliko sisi. Mwenye duka wa Kipemba aliyewekewa mzigo na msafiri hauli mzigo ule hata akiwa na njaa, wala hajitetei kwamba alikuwa akilinda. Basi inakuwaje amana ya mgeni iwe nzito, na ya mtoto wetu iwe nyepesi?

Tuseme pia neno juu ya binti, maana yeye husahauliwa. Kaka yake hulipwa kwa kuchuma, na watu huziona fedha zile. Yeye huketi na mama akichambua mpaka macho yamchome, au huingia majini pamoja naye kufunga mwani, na malipo yao hutolewa kwa mkono mmoja. Hakuna anayesema amemnyang'anya. Sehemu yake haikuwahi kutajwa, na kisichotajwa hakiibiwi. Ikawa sabuni, ikawa chumvi, ikawa viatu vya kaka yake vya shule. Mama asemaye kwa haki kwamba naye alilelewa hivyo, na afikiri kidogo kama alifurahi. Binti naye apewe daftari lake. Twajua nyumba ambamo hatua hiyo pekee ilibadili mengi, maana baba alipoona kwa maandishi ni pishi ngapi mkono ule mdogo ulichambua, aliacha kusema kwamba wasichana hawaleti kitu.

Limebaki lililo gumu. Njaa itakuja, homa itakuja, na akiba ya mtoto itakuwa ndiyo fedha pekee ndani ya nyumba. Hapo mzazi na aombe. Aseme: mwanangu, twahitaji kiasi hiki, kwa sababu hii, tutarudisha siku fulani, nayo iandikwe katika daftari lile lile. Wengi watasema kwamba ni aibu kwa mzazi kumwomba mtoto. Sisi tumeyajaribu yote mawili, kuomba na kubandua ubao, nasi twajua aibu ilipokuwa. Tena kuomba ni kuomba: anayeombwa aweza kukataa. Kwa dawa ya mdogo wake hatujaona mtoto anayekataa, akielezwa ukweli. Watoto ni wepesi wa kutoa kuliko sisi tunavyodhani. Lakini kwa mengine atakataa mara moja moja, na hapo ndipo itakapoonekana kama swali letu la kwanza lilijibiwa kwa kweli au kwa mdomo tu.

Yule wetu tulikwenda kumwambia, tumechelewa karibu miaka miwili. Tulinunua daftari, na ukurasa wa kwanza ukawa wa deni letu: shilingi 18,000, pamoja na mwezi na mwaka. Aliandika yeye, kwa mwandiko wa shule, nasi tukatia sahihi. Tulilipa 2,000 2,000, na kila mara alipiga mstari. Tulipokuwa tumefika kati, ada ya dada yake ilipungua kidogo, nasi tukamwomba mkopo mwingine wa 10,000. Alilifungua daftari, akalitazama, akasema kwa adabu kwamba bado zimebaki 6,000 za kwanza, afadhali tuzimalize hizo. Tulivaa viatu, tukaenda kukopa dukani.